Simba Alivyovuliwa Jezi: Historia Fupi Iliyotazamwa Kutoka Arua na Koboko

Makala haya yalianza na ubishi wa darasani. Mwanafunzi wetu mmoja, mzaliwa wa Koboko, aliandika katika insha yake kwamba baba yake anayo jezi ya buluu ya "Simba wa Kongo", na kwamba huivaa kila timu hiyo inapocheza. Lilikuwa zoezi la kusahihishana kazi, na mwenzake kutoka Arua akamkata kwa wino mwekundu: "Chui, si Simba." Aliyekatwa hakukubali. Baba yake alifanya biashara Ariwara, ng'ambo ya mpaka, kwa miaka mingi, naye husema Simba. Sisi tulipoombwa tuamue, tulisema kwamba wote wawili wamepata, ila kila mmoja amepata kwa miaka yake. Jibu hilo halikumridhisha hata mmoja, na ndiyo sababu tumeonelea tulieleze hapa kwa kirefu, kwani ndani ya fulana hiyo ya buluu mna habari ambayo sisi walimu wa Kiswahili wa upande huu tunapaswa kuijua.

Kwanza tuseme neno juu ya msamiati. "Jezi" tumelipata kutoka Kiingereza na limekwisha kuzoea nyumbani kwetu, halina haja ya kuonewa haya. "Nembo" ni ile alama ya kifuani. Neno tunalolipenda zaidi ni "sare", kwa kuwa lina kazi mbili katika kiwanja kimoja: wachezaji huvaa sare, na mechi ikiisha bila mshindi tunasema timu zimetoka sare. Maana zote mbili zina usawa ndani yake, wa mavazi na wa mabao. Lakini huku West Nile neno "sare" halianzi na mpira. Linaanza na askari, na hilo tutalirudia.

Sasa twende Kongo. Timu ya taifa ya nchi ile ilijulikana kwa Kifaransa kama Simba katika miaka ya mwanzo, kabla Mobutu hajaipa jina la Chui katikati ya miaka ya 1960. Kwa jina hilo la Chui ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1968 mjini Addis Ababa kwa kuifunga Ghana bao 1-0. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire. Bendera ikawa ya kijani, katikati duara la njano na mkono ulioshika mwenge. Jezi nayo ikafuata bendera. Ile ya mwaka 1974 ndiyo inayokumbukwa kuliko zote: ya kijani na njano, na kifuani nembo kubwa ya mviringo yenye kichwa cha chui. Mwaka huo Zaire ilichukua tena ubingwa wa Afrika nchini Misri, ambako Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano yale. Miezi michache baadaye ikawa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Kule Ujerumani Magharibi mambo yalikwenda vibaya: 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil. Aliyeshona jezi ile hakuwa na kosa.

Kila aliyeiona jezi ile alijua chui ni nani. Mobutu alivaa kofia ya ngozi ya chui. Mnyama wa kichwani mwa rais akawa mnyama wa kifuani mwa wachezaji, na mtu hakuweza kuishangilia timu pasipo kumshangilia rais kidogo. Hivyo utawala wa Mobutu ulipoanguka, chui naye alikuwa hatarini.

Tarehe 17 Mei 1997 majeshi ya Laurent Kabila yaliingia Kinshasa. Yalitoka mashariki, na wengi wa askari wake walizungumza Kiswahili, wakiwamo wale watoto waliobebeshwa bunduki ambao ulimwengu uliwajua kwa neno la Kiswahili, "kadogo". Jina la Zaire likafutwa. Bendera ya kijani ikashushwa, ikapandishwa ile ya wakati wa uhuru wa mwaka 1960, ya buluu yenye nyota kubwa ya njano katikati na nyota sita ndogo ubavuni. Jezi ikageuka buluu. Chui akavuliwa, na timu ikaitwa Simba. Safari hii haikuwa kwa Kifaransa: walisema na kuandika "Simbas", neno letu lenyewe, likiwa limetiwa tu kile kiambishi cha wingi cha wageni.

Wanafunzi wetu wanaposikia habari hii hufurahi. Neno la Kiswahili kwenye kifua cha taifa kubwa kiasi kile! Nasi tungependa kufurahi pamoja nao, lakini inatubidi tuulize "simba" hapo lilimaanisha nini kwa aliyelisikia. Mwaka 1964 waasi wa mashariki mwa Kongo walijiita Simba, wakauteka mji wa Stanleyville, yaani Kisangani, na kuenea hadi karibu na mpaka wetu. Kabila mwenyewe alitokana na uasi wa miaka ile. Wazee wa West Nile wanaukumbuka kwa sababu vita vile viliwafikia: Februari 1965 ndege za Kongo zilidondosha mabomu Paidha na Goli, katika ardhi ya Uganda. Kwa mtu wa Kinshasa wa mwaka 1997, basi, Simba hakuwa mnyama wa mbugani. Alikuwa askari wa mashariki aliyekuja na lugha ambayo watu wa mji mkuu, wasemaji wa Lingala, hawakuichagua.

Timu yenyewe haikuwa mbaya. Mwaka 1998 nchini Burkina Faso Simba hao walishika nafasi ya tatu, baada ya sare ya 4-4 na wenyeji iliyoamuliwa kwa penalti. Mwanzoni mwa mwaka 2006 nchini Misri walifika robo fainali. Mwaka huohuo wa 2006 nchi ilipata katiba mpya, bendera mpya ya buluu ya angani yenye mkanda mwekundu wa mshazari, na nembo ya taifa ambayo juu yake kuna kichwa cha chui. Timu ikarudia jina la Chui, na kwa jina hilo ikashika tena nafasi ya tatu mwaka 2015 nchini Guinea ya Ikweta. Miaka 9 tu ndiyo Simba aliyoishi.

Hapa kuna jambo ambalo tunaomba wasomaji walitazame vizuri. Katiba ileile ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Kwa hiyo katika mwaka mmoja Kiswahili kilivuliwa jezi na kikaandikwa kwenye katiba. Sisi tunaona kwamba kilipata faida kubwa kuliko hasara. Jina lililovuliwa lilikuwa la jeshi. Lugha iliyobaki ni ya sokoni, ya kanisani na ya redio, toka Lubumbashi mpaka Bunia, na hiyo haihitaji kichwa cha mnyama ili isemwe. Tena chui aliporudi hakurudi kama mnyama wa Mobutu. Mobutu alikuwa amekufa tangu mwaka 1997. Chui alirudi akiwa na makombe yake mawili ya Afrika, ambayo mashabiki waliyapata wakiwa na jina hilo, na hakuna tangazo la serikali linaloweza kuwanyang'anya.

Mtu wa Arua anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya jirani. Si ya jirani sana. Hadi mwaka 1910 nchi hii ya Arua na Koboko ilikuwa ndani ya Lado, kipande kilichokodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Leopold alipokufa kilirudishwa Sudan, na sehemu yetu ikaingizwa Uganda mwaka 1914. Bendera ya Leopold kwa ajili ya Kongo ilikuwa buluu, na katikati nyota moja ya njano. Ile buluu iliyorejeshwa mwaka 1997, ambayo baba wa mwanafunzi wetu anaivaa Koboko, ni buluu ileile iliyotawala hapa kabla babu zetu hawajaambiwa kwamba wao ni Waganda wa serikali ya Kiingereza. Bendera tatu katika miaka isiyozidi mitano: timu gani ya mpira imebadilisha rangi kwa kasi hiyo?

Turudi kwenye sare ya askari. Waingereza walipoitwaa West Nile waliigeuza kuwa mahali pa kuandikisha askari wa King's African Rifles, na lugha ya amri katika jeshi hilo ilikuwa Kiswahili. Kiswahili chetu, kwa sehemu kubwa, kiliingia nyumbani kikiwa kimevaa kaki. Idi Amin, ambaye kwao kwa upande wa baba ni Koboko, ni zao la jeshi hilo. Kabla ya siasa alikuwa bondia, bingwa wa Uganda wa uzito wa juu mwepesi kwa miaka kadhaa. Alitwaa nchi tarehe 25 Januari 1971. Mwaka huohuo timu ya jeshi ilishinda ligi ya Uganda, na jina lake lilikuwa Simba. Mwaka uliofuata Simba hao wa jeshi walifika fainali ya klabu bingwa za Afrika, wakafungwa na Hafia ya Guinea 4-2 na 3-2. Mwaka 1973 Amin alitoa amri kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa. Amri ile haikuingia shuleni kwa maana yoyote ya kweli, na baada ya mwaka 1979 wengi katika nchi hii walikikumbuka Kiswahili kama lugha ya mtu aliyekusimamisha kizuizini usiku. Kila mwalimu wa Kiswahili Uganda amekutana na mzazi wa namna hiyo. Sisi tumekutana nao wengi, na hatuwalaumu.

Si kwamba jina la Simba lina laana. Mwaka uleule wa 1971, klabu moja ya Dar es Salaam iliyoanzishwa mwaka 1936, ambayo ilikwisha kuitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, ilichukua jina la Simba. Sunderland lilikuwa jina la klabu ya Uingereza, na Tanzania ya wakati ule ilitaka majina ya Kiafrika. Jina hilo lilikubalika mara moja na limedumu. Kwa nini Dar es Salaam lidumu na Kinshasa life? Dar es Salaam wanachama walikuwa walewale, mtaa wao wa Msimbazi uleule, rangi nyekundu na nyeupe zilezile, na lugha ya jina ilikuwa lugha wanayogombania nayo nyumbani. Kilichobadilika ni neno tu. Kinshasa vilibadilishwa vyote kwa mkupuo: jina, rangi, mnyama na lugha, na aliyevibadilisha alikuwa ameshika bunduki. Kuhusu wapinzani wao wa Jangwani, Yanga, wenye kijani na njano, inatosha kusema kwamba waliwahi kukataa kuvaa nembo ya mdhamini wa ligi kwa sababu ilikuwa nyekundu. Mgeni hucheka. Mtu wa Kariakoo hachekei jambo hilo.

Uganda kwa upande wake ni mfano wa kinyume. Tangu mwaka 1962 tumepata serikali nyingi, nyingine kwa njia ambazo hatupendi kuzikumbuka, lakini bendera ya nyeusi, njano na nyekundu haikuguswa, na korongo mwenye kishungi aliyemo ndani yake hakuguswa pia. Timu ya taifa inayoitwa Cranes ilifika fainali ya Afrika mwaka 1978 mjini Accra, ikafungwa na Ghana 2-0, wakati wa Amin. Ndege huyo hakuwahi kugeuzwa simba hata na mtu aliyependa simba. Tukiri pia kwamba hatukuwahi kumwita Korongo. Tumemwachia Kiingereza chake.

Klabu zetu za zamani zilikuwa na tabia nyingine kabisa. Mabingwa wa Uganda wa miaka ya 1968 hadi 1979 ni pamoja na Prisons, Coffee na Uganda Commercial Bank: magereza, kahawa na benki. Kifuani palikuwa na jina la mwajiri. Shabiki alimshangilia anayelipa mishahara. Siku hizi mwajiri ameondoka, amekuja mdhamini, na ligi yenyewe huuza jina lake. Katika msimu wa 2016/17 iliitwa kwa jina la Azam, kampuni ya Dar es Salaam, na baadaye kwa jina la StarTimes, kampuni ya Kichina.

Ni katika msimu huohuo wa 2016/17 kwamba West Nile ilipata jezi yake katika ligi kuu. Onduparaka, klabu iliyoanzishwa mwaka 2011, ilipanda ikiwa na jina la kijiji cha pembezoni mwa Arua. Haikuwa na jina la mnyama mkali wala la mwajiri wala la rais. Lakabu yake nayo ni Caterpillars, yaani Viwavi, na tunadhani hakuna serikali duniani ambayo ingemchagua kiwavi awe alama yake. Uwanja wake wa Green Light ulijaa. Mwaka 2017 fainali ya Kombe la Uganda ilichezwa hapo, KCCA ikiwafunga Paidha Black Angels 2-0, na watu wa Paidha, mji uleule wa mabomu ya mwaka 1965, waliuteremkia Arua kwa malori. Tulikuwapo siku moja ya ligi. Kelele za uwanjani zilikuwa za Kilugbara, matusi kwa refa yalikuwa ya Kiingereza ili ayaelewe, na mashauri kwa wachezaji, wengi wao wageni kutoka sehemu nyingine za nchi, yalikuwa ya Kiswahili: rudi nyuma, toa mpira, angalia kushoto. Hakuna aliyeamriwa kusema hivyo. Hakuna aliyevaa kaki.

Klabu ya pili ya Arua ilifuata njia ya mbali na hiyo. Doves All Stars, timu ya mji, ilipata wenye fedha wapya, ikabadilishiwa jina ikawa Arua Hill, ikapewa nembo na jezi mpya, na kufikia msimu wa 2021/22 ilikuwa ligi kuu. Lakabu yake ni Kongolo. Kwa muda mji wetu ulikuwa na timu mbili juu, jambo ambalo miji mikubwa kuliko Arua haijalipata. Kisha Onduparaka ikashuka mwaka 2023, na katika msimu wa 2023/24 Arua Hill nayo ikaondoka baada ya kushindwa kufika kwenye mechi zake. Fedha ziliisha kwanza, ndipo mechi zikafuata.

Tulipita sokoni Arua baada ya hapo, tukiwa na mwandishi wa ule wino mwekundu. Mwuza jezi za mitumba alikuwa amezitundika za Uingereza mbele, kama kawaida, na nyuma zilikuwapo za Arua Hill kwa bei ya chini. Tulimwuliza za Onduparaka. Alisema hazikai, zikiletwa huchukuliwa na watu wa kijijini, maana, kwa maneno yake, timu ikishuka kijiji hakishuki. Tulimwuliza pia ya Kongo. Akaitoa ya buluu yenye mkanda mwekundu na chui kifuani, akaiita "ya Simba". Mwanafunzi wetu akafungua kinywa asahihishe, akatutazama, akakifunga.

Ile insha tumeirudisha. Wino mwekundu tuliufuta, pembeni tukaandika "1997–2006", na alama ya hapo tukaitoa kamili. Alama mbili tulimnyima kwa sababu nyingine: kila mahali ameandika "majezi".